Niliomba Buibui, Nikaletewa Mdudu: Maswali ya Waandishi Wasiojua Kuchora

Tangu niandike kuhusu majalada ya vitabu tunavyojichapishia wenyewe, maswali yamekuja mengi, na karibu yote yanagusa jambo moja: programu za bure zinazochora picha kwa akili mnemba. Nimechagua haya. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo dada. Nimemaliza riwaya yangu ya kwanza. Hela ya mchoraji sina, na mimi hata nyumba siwezi kuchora. Programu ziko nyingi mno, nianze na ipi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, na hongera kwa kuifikisha mwisho.

Wengi huchagua programu kwa uzuri wa picha ya kwanza wanayopewa. Mimi nakuomba uangalie jambo jingine: je, inakuruhusu kusahihisha? Picha ya kwanza haitafanana na riwaya yako. Itakuwa nzuri, lakini itakuwa ya hadithi ya mtu mwingine. Unachohitaji ni programu unayoweza kuiambia, "Huyu bibi mzeeshe zaidi, taa ya umeme iondoe uweke kibatari, mengine yote yaache kama yalivyo," nayo ikatii.

Kwa kazi hiyo anza na Gemini ya Google au ChatGPT. Zote mbili zinatumika kwa mazungumzo, zote zina ngazi ya bure, na zote zinaweka ukomo wa picha kwa siku. Ukomo huo hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo usiache jalada hadi usiku wa kuamkia siku ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa. Ukitaka kujaribu mawazo mengi kwa haraka, Bing Image Creator ya Microsoft inafaa: unafungua akaunti, unapewa picha za kasi kadhaa, na zikiisha unaendelea kwa mwendo wa polepole. Midjourney ina picha za kuvutia sana, lakini ilifunga majaribio ya bure kwa wote mwaka 2023 na sasa ni ya kulipia. Mtu akikuambia ni ya bure, anakupa habari za zamani.

Kabla hujafungua yoyote, chukua karatasi. Andika jalada lako kwa sentensi tano kama unavyoandika mandhari ndani ya riwaya: nani yupo, amesimama wapi, mwanga unatoka upande gani, ni saa ngapi, na wapi pabaki patupu kwa ajili ya jina la kitabu. Mwandishi hana mkono wa kuchora, lakini ana jicho na maneno, na programu hizi zinaendeshwa kwa maneno.

Nilitumia programu moja nikaiandikia kwa Kiswahili: "mama wa buibui amesimama mlangoni, Mji wa Kale." Nimeletewa mwanamke mwenye miguu minane. Je, niandike kwa Kiingereza? (Mwandishi wa hadithi fupi, Mombasa)

Yaliyokupata yanaeleweka. Programu nyingi za picha zimefundishwa kwa mamilioni ya picha zenye maelezo ya Kiingereza. Ukiziandikia Kiswahili, baadhi hutafsiri kimyakimya kabla ya kuchora, na tafsiri hiyo haijui kwamba buibui ni vazi kabla haijawa mdudu. Kanga nayo ni hivyohivyo: wewe unawaza leso, yenyewe inawaza ndege mwenye madoa.

Gemini na ChatGPT zinafanya vizuri zaidi kwa sababu zinasoma sentensi nzima kwanza, na Kiswahili zinakielewa. Hata hivyo usiishie kwenye jina la kitu. Kieleze kitu chenyewe. Usiseme "buibui" tu. Sema vazi jeusi refu la kitambaa chepesi, linalofunika kuanzia kichwani hadi miguuni, uso ukiwa wazi. Usiseme "jahazi" tu, maana utaletewa meli ya Kizungu yenye matanga ya mraba. Sema chombo cha mbao, mlingoti mmoja ulioinamia mbele, tanga moja kubwa la pembetatu. Usiseme "mlango wa Kizanzibari" bila kutaja mbao nzito zilizochongwa maua na mnyororo kwenye fremu, zenye vifundo vya shaba.

Kanga ndiyo ngumu kuliko vyote. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maandishi. Programu huchanganya kanga na kitenge, halafu pale penye jina huweka herufi zisizosomeka. Mimi humwambia mhusika ajifunge kanga kiasi kwamba jina halionekani, au nachora kanga isiyo na maandishi kisha naongeza jina mwenyewe baadaye kwa programu ya kuhariri. Msomaji wa pwani akiona kanga yenye jina la herufi za ovyo, hatakiamini kitabu. Nami naona ana haki.

Angalia pia sura za watu na mahali. Ukiandika "kijiji cha Afrika" utapewa nyumba za msonge na jua la machungwa, hata kama hadithi yako inatokea Makete kwenye baridi na ukungu. Taja bati, taja matofali, taja sweta. Usipotaja, programu inaweka ilichozoea, na ilichozoea hakikutoka kwetu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Nimeandika hadithi ya Tatu na mbuzi wake, kurasa kumi na mbili. Kila ukurasa Tatu anabadilika: mara ana nywele ndefu, mara amekuwa mtoto wa miaka kumi na tano. Nifanyeje? (Mwanza)

Mwalimu, hili ndilo tatizo kubwa kwa vitabu vya watoto, na watoto huliona kabla ya wakubwa.

Usianze na ukurasa wa kwanza. Anza na Tatu peke yake, amesimama, nyuma yake peupe. Omba umwone kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma kwenye picha moja. Msahihishe hapo hadi uridhike. Mbuzi naye mfanyie hivyohivyo. Hizo picha mbili zihifadhi, ndizo mama wa kitabu chako. Kisha kila ukurasa ipakie picha ya Tatu na ya mbuzi, halafu useme: "Mtoto huyuhuyu na mbuzi huyuhuyu, sasa wako kisimani." Gemini imekuwa nzuri kwa kazi hii tangu mwaka 2025, ilipoongezewa uwezo wa kuhariri picha uliyoipakia bila kubadili sura ya mhusika.

Mpe Tatu alama mbili au tatu zisizobadilika na uzirudie kila mara kwa maneno yaleyale: gauni la njano lenye mfuko mmoja, nywele zilizokatwa fupi, ndala za buluu. Ukisema leo "gauni" na kesho "nguo," utapata nguo nyingine. Chagua pia mtindo rahisi, rangi bapa na mistari michache. Mtindo unaofanana na picha ya kamera una mambo mengi ya kuharibika.

Na uhesabu vidole, miguu ya mbuzi, na watoto darasani. Ukiandika "watoto saba" kitabuni na picha ina wanane, darasa la kwanza litakuambia.

Jina la riwaya yangu limeandikwa vibaya kwenye jalada mara sita mfululizo. (Dodoma)

Usiiachie programu iandike jina. Ideogram ina sifa ya kuandika herufi vizuri, na nyingine zimeimarika, lakini jina la kitabu na la mwandishi ni bora uyaweke mwenyewe kwa programu ya kuhariri picha kama Canva au GIMP, ukichagua fonti na ukubwa. Ukiagiza picha, sema sehemu ya juu ibaki anga tupu.

Picha inang'aa kwenye simu, lakini jalada lililochapwa limetoka na ukungu. Mpiga chapa anasema kosa ni langu. (Msomaji, Arusha)

Jalada langu la kwanza lilinitokea hivyo, nakala zote, na nililia. Mpiga chapa wako ana hoja. Picha nyingi za bure zina pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 1,024 kwa 1,024. Uchapaji mzuri unahitaji pikseli 300 kwa kila inchi, maana yake picha hiyo inatosha eneo la takriban sentimita 8.7 tu kila upande. Jalada la A5 ni milimita 148 kwa 210, na linahitaji pikseli 1,748 kwa 2,480, hapo bado hujaongeza milimita tatu kila upande kwa ajili ya kukatwa na mashine.

Ipo programu ya bure iitwayo Upscayl, unaiweka kwenye kompyuta na inakuza picha bila kuifanya ukungu. Kuza, halafu itazame kwa ukubwa wake halisi, hasa macho na mikono, kwa sababu ukuzaji nao huweza kuongeza mikunjo isiyokuwepo. Na kabla ya kuchapa nakala zote, lipia nakala moja ya majaribio. Hata kama kitabu ni cha kielektroniki pekee, mahitaji ni karibu yaleyale: Amazon KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, inapendekeza jalada la pikseli 2,560 kwa urefu na 1,600 kwa upana.

Je, naweza kuuza kitabu chenye picha hizi? Na zile picha ni mali yangu? (Waliouliza ni wanne, Kenya na Tanzania)

Haya ni maswali mawili tofauti.

La kwanza linajibiwa na masharti ya programu yenyewe. Baadhi zinaruhusu biashara hata kwa mtumiaji wa bure, baadhi zinaruhusu kwa anayelipa tu. Yasome siku unayotengeneza picha, uyahifadhi pamoja na tarehe, kwa sababu hubadilishwa. Uangalie pia kama picha za watumiaji wa bure huonekana hadharani. Kwenye baadhi ya programu jalada lako litaonwa na kila mtu kabla hujazindua kitabu. Amazon KDP tangu Septemba 2023 inamtaka mwandishi atamke anapopakia kitabu kama picha au maandishi yametengenezwa na akili mnemba, hata kama uliyahariri baadaye. Tamka ukweli.

La pili ni gumu zaidi. Marekani, Februari 2023, Ofisi ya Hakimiliki ilimwambia Kris Kashtanova kwamba maandishi ya kitabu chake cha katuni na mpangilio wake vinalindwa, lakini picha zilizotoka kwenye Midjourney hazilindwi. Januari 2025 ofisi hiyo ikasema kwamba kuandika maelezo peke yake hakutoshi kumfanya mtu kuwa mtunzi wa picha. Kwa hiyo pale Marekani mtu akichukua picha ya jalada lako na kuiweka kwenye kitabu chake, huenda usiwe na pa kushika. Kwa upande wetu, ulizeni ofisi za hakimiliki, COSOTA mkiwa Tanzania Bara na KECOBO mkiwa Kenya, kabla ya kusajili, na mwambieni ofisa bila kuficha picha zimepatikanaje. Maandishi yenu ni yenu. Huko hakuna shaka.

Nikiiambia ichore "kwa mtindo wa Tingatinga," nitakuwa nimeiba? (Msomaji, Dar es Salaam)

Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo wa uchoraji, alifariki mwaka 1972, na alianza kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao. Mtindo wenyewe haumilikiwi na mtu mmoja. Lakini wanaouendeleza wapo hai, wapo Oysterbay, wanachora kwa mkono na kuuza, na mwandishi wa Dar es Salaam anaweza kwenda kuwaona kwa daladala. Programu huzoa madoadoa na shingo za twiga, ikaacha ile rangi nzito inayong'aa. Mimi sifanyi hivyo, na sitaji kamwe jina la mchoraji aliye hai kwenye maelezo yangu. Wachoraji kama Sarah Andersen na Karla Ortiz walifungua kesi Marekani Januari 2023 kwa sababu kazi zao zilitumika kufundishia programu bila wao kuombwa. Anayeumia na hilo ni mtu wa sanaa kama wewe.

Ukitaka programu iliyojali zaidi suala hili, Adobe Firefly ilifundishwa kwa picha zilizopatiwa leseni na zile ambazo hakimiliki yake imekwisha. Ngazi ya bure ina idadi ndogo ya picha kwa mwezi. Na usisahau kwamba si lazima uchore kabisa: makumbusho ya The Met ya New York tangu 2017 yameachia mamia ya maelfu ya picha zitumiwe bure hata kwa biashara, na Wikimedia Commons ina picha za pwani yetu za zamani ambazo zingependeza kwenye jalada la riwaya ya kihistoria. Soma leseni ya kila moja.

Mchoraji wa mtaani kwetu yuko tayari kunichorea, nimlipe nikishauza. Nimpelekee picha za akili mnemba kama mfano? (Iringa)

Muulize kwanza. Wapo wanaoona inawarahisishia kujua unachotaka, na wapo wanaoona umeshawafungia mlango wa kuwaza. Mpelekee zile sentensi tano za kwenye karatasi, na sura moja ya riwaya, ile unayoipenda kuliko zote. Mkubaliane kwa maandishi kiasi, tarehe, na nani atamiliki mchoro. Kama unaweza, mpe chochote mapema, hata nauli na hela ya rangi. Na kwenye jalada jina lake liwepo, si ndani tu kwa herufi ndogo.