Maswali yenu: Leamington ya Kanada, arubaini ya mzazi na pesa za ajenti

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kuhusu Leamington, kale kamanispaa ka mashambani kusini kabisa mwa mkoa wa Ontario nilikoishi miaka tisa kabla sijarudi hapa Tudor, na tangu siku hiyo simu haijapumzika. Nimechagua maswali manne. La kwanza nimeliweka mbele kwa sababu halingoji.

*Dada, kuna ajenti hapa mjini ataka laki mbili na nusu, asema kazi ya kuvuna nyanya kwenye grinihausi huko Leamington iko tayari, naenda na viza ya kutembea alafu nikifika nabadilisha inakuwa ya kazi. Mamangu ashaanza kutafuta mteja wa kiwanja. Nilipe? (Kijana wa Likoni)*

Usilipe mdogo wangu. Na mpigie mama simu saa hii kabla hujamaliza kusoma, mwambie kiwanja asiuze.

Shida ya huyu ajenti ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli ndio maana watu wanaingia. Nyanya ziko, na pilipili hoho na matango, grinihausi zimeshikana ekari kwa ekari na wenyewe hujisifu kwamba hakuna pengine Amerika Kaskazini zilikorundikana hivyo, usiku wa baridi taa zake zinapaka mawingu rangi ya waridi hadi majirani wakalalamika na halmashauri za hapo zikaanza kutunga sheria ndogo za kufunga mapazia. Mjini kuna kibanda cha kupokea wageni kimejengwa kwa umbo la nyanya tangu 1961. Kiwanda cha Heinz kilikuwa hapo tangu 1909 kikafungwa 2014 watu zaidi ya 700 wakakosa kazi, alafu wawekezaji wengine wakakichukua na nyanya zikaendelea kuingia. Kwa hivyo ukiambiwa kazi iko, iko.

Ila sio kwa njia hiyo. Wale wavunaji wengi unaowaona kwenye picha wanakuja na mpango wa serikali wa wafanyakazi wa msimu, ulianza 1966 na Wajamaika, Meksiko ikaingia 1974, na mpaka leo ni wa Meksiko na nchi za Karibiani peke yake, wanakaa miezi isiyozidi nane wanarudi kwao. Kenya haimo. Kuna njia nyingine ambayo mtu wa nchi yoyote anaweza kuchukuliwa, lakini hapo mwenye shamba ndiye anaomba kwanza kibali cha serikali kinaitwa LMIA, na kwa kazi za shamba yeye ndiye analipa tikiti ya kwenda na kurudi na yeye ndiye anakutafutia pa kulala. Na sheria ya Ontario inakataza ajenti kumtoza mfanyakazi mgeni pesa ya kumpatia kazi. Sasa hiyo laki mbili na nusu ni ya nini? Ada ya serikali ya kibali cha kazi ni dola 155 za Kanada, na alama za vidole dola 85 unazotoa Nairobi, basi.

Hilo la kwenda na viza ya kutembea ukabadilishe huko, sera ya kuruhusu hivyo ilikuwepo kweli kwa muda wakati wa korona lakini ilifungwa tarehe 28 Agosti 2024. Anayekuuzia leo anakuuzia mlango uliokomelewa. Muulize jina la shamba, muulize nambari ya LMIA, nenda uangalie kama kampuni yake imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya hapa Kenya, na akianza kukwambia nafasi zinakwisha kesho, nenda ukaandikishe polisi.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nilimpokea kijana wa pwani hii hii, alikuja Februari na koti la mvua, akaenda kwenye geti la shamba aliloandikiwa na hakuna aliyemjua. Alilala sebuleni kwetu wiki tatu. Nauli ya kumrudisha tulichanga.

*Mwanangu wa kike aishi Leamington na mumewe, ana makaratasi ya kukaa moja kwa moja, atajifungua mwezi wa kwanza inshallah. Ataka niende nimkande nimkalie arubaini. Sijawahi kupanda ndege. Nibebe nini, na nikiugua je? (Mama wa Kisauni)*

Shikamoo mama, na Mungu amjaalie ajifungue salama.

Maadamu yeye ana ukaazi wa kudumu, mwambie asome habari za supa viza, hiyo ni ya wazazi na mabibi na mababu, unaweza kukaa hadi miaka mitano kwa safari moja, ila yataka bima ya afya ya dola 100,000 kwenda juu ya mwaka mzima, barua ya mwaliko, upimwe na daktari, na yeye aonyeshe kipato chake. Kama ni arubaini tu na kurudi, viza ya kawaida yatosha, dola 100 na zile 85 za vidole, na kwa kawaida unapewa miezi sita. Lakini hata kwa hiyo ya kawaida usipande ndege bila bima mama, tafadhali. Bima ya afya ya mkoa haimhusu mgeni, na kitanda cha hospitali kule usiku mmoja tu ni pesa ya kumtoa mtu machozi.

Tikiti ikatwe mpaka Toronto. Kuna watu watakwambia Detroit ni karibu zaidi, na kweli Windsor, mji jirani wa upande wa Kanada, na Detroit zinatazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto, lakini Detroit ni Marekani na hata kupita tu utatakiwa viza yao. Kutoka Toronto ni zaidi ya kilomita 300 kwa gari, kwa hivyo mkwe awe amekuja kukupokea.

Bizari, tangawizi kavu na pilipili manga za uji wa mzazi funga vizuri, viwe vikavu. Nyama usibebe, matunda mabichi usibebe, wala mche wala udongo. Kila chakula ulichonacho kitaje kwenye fomu ukifika, kukitaja sio kosa, kukificha ndio kosa. Na mtu akikupa kifurushi umpelekee mwanawe ufungue uone, miraa na muguka kule ni dawa iliyopigwa marufuku. Mafuta ya nazi ya kukandia yataganda yawe kama samli, usifikirie yameharibika, weka chupa kwenye maji ya moto kidogo.

Kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia mimi. Mjini maji taka yanakwenda kwenye mtaro wa manispaa lakini nyumba nyingi za mashambani zina septiki uani, kama kwetu tu, na mabaki ya mafuta yakiingia humo kwenye baridi yanaganda bomba linaziba. Mwaka wangu wa kwanza nilimwaga mafuta ya viazi karai kwenye sinki, fundi alipokuja malipo yake yalikula kodi ya mwezi. Mafuta yamimine kwenye kopo yapoe, utupe na taka.

Na upweke mama, huo nakwambia ukweli. Duka liko mbali, matatu hakuna, Januari jua linatoka karibu saa mbili asubuhi na linazama saa kumi na moja na kitu, jirani unaona taa yake tu. Kwetu ikiwa saa mbili usiku kule ni saa sita mchana, hiyo saa mwambie binti ampigie dada yako kila siku, usingoje mpaka ukumbuke nyumbani. Nyama ya halali na msikiti wapata Windsor, kama kilomita 50, kuna Waarabu wengi sana huko.

*Naweza kununua nyumba ndogo huko nikiwa hapa hapa Mombasa, niikodishe? (Msomaji, Nyali)*

Kwa sasa hapana. Tangu Januari 2023 asiye raia wala mkaazi wa kudumu amekatazwa kununua nyumba ya kuishi mijini na kwenye viunga vyake, na katazo limeongezwa hadi Januari 2027. Hata ukipata kijiji ambacho halikifiki, Ontario inamtoza mgeni kodi ya asilimia 25 juu ya bei. Weka pesa yako hapa.

*Nina duka la viungo Kongowea. Ndugu yangu ni raia wa huko, ataka tuungane afungue duka Leamington. Mji wa watu 30,000 utanilipa kweli? (Kaka wa Kongowea)*

Kaka swali lako ndilo nimelipenda. Idadi isikutishe, jiulize nani yuko ndani ya hao watu.

Kwanza makaratasi, haraka haraka. Jina la biashara anaandikisha kwa mkoa, dola 60 kwa miaka mitano. Mauzo yakipita dola 30,000 katika robo nne za mwaka zinazofuatana lazima ajisajili kutoza kodi ya mauzo inayoitwa HST, asilimia 13. Kuingiza chakula kutoka nje kunahitaji leseni ya serikali kuu, na pakiti ziandikwe Kiingereza na Kifaransa, usichape lebo Kongowea kabla hajakutumia maneno. Lakini kabla ya yote hayo aende ofisi ya manispaa na anwani mkononi aulize kama mahali hapo panaruhusiwa duka, manispaa ndiyo inayopanga ardhi, na nimeona mtu amelipa kodi miezi minne kwenye jengo ambalo halikuruhusiwa kuuza hata biskuti. Wale watu wa kaunta ni wapole, wanajibu bure, na mji ukiwa mdogo unapata kuongea na mwenyewe anayeamua.

Sasa wateja. Usihesabu Waswahili, hawafiki hata meza moja ya harusi. Hesabu Wajamaika na Wameksiko wa kwenye grinihausi. Mjamaika anapika wali na maharagwe kwa tui la nazi, sawasawa na mamako. Mmeksiko anakunywa juisi ya ukwaju na ya rosela na pilipili kavu haimtoki mezani. Ukwaju, kaka! Ule unaouona umerundikwa hapo sokoni. Lakini wauzaji wao wako tayari na bidhaa zao zinatoka karibu kuliko Mombasa, kwa hivyo usitume kontena, ndugu yako aanze na maboksi machache aone bei.

Mwambie Ijumaa jioni aende katikati ya mji, wafanyakazi ndio wanashushwa na mabasi kununua vitu vya wiki na kutuma pesa kwao. Asimame hapo kwa muda wa saa mbili na daftari, aangalie mifuko inatoka na nini, aulize ukwaju wananunua dola ngapi, kisha mnipigie.