Bango la kupinga vita: patasi, wino na yale ya kuacha

Wengi wakiketi kuchora bango la kupinga vita huanzia kwenye kifaru, bunduki na damu. Ushauri wetu: viache vyote vitatu. Kifaru kilichochongwa vizuri hupendeza macho, na anayekiona kutoka ng'ambo ya barabara hawezi kujua kama unakilaani au unakisifu.

Käthe Kollwitz, msanii wa Berlin aliyechapa picha, alifiwa na mwanawe Peter, askari wa kujitolea, huko Ubelgiji Oktoba 1914. Ilimchukua miaka kupata namna ya kuchapa msiba huo. Alijaribu bamba la shaba, akajaribu chapa ya jiwe (picha huchorwa juu ya jiwe bapa, kisha huchapwa), hakuridhika. Mwaka 1920 aliona chapa za mbao (picha zilizochongwa kwenye ubao, zikapakwa wino na kuchapwa) za msanii Mjerumani Ernst Barlach, naye akashika patasi. Zikazaliwa chapa saba zilizopewa jina la Vita. Zitazame kwa makini: wazazi wamepiga magoti wakishikana, mama amenyanyua kitoto chake kukitoa sadaka, kina mama wamejikusanya kuwakinga watoto. Adui hayumo, bendera haimo, hata mahali hapatajwi. Chapa moja tu inawaonyesha wanaokwenda kupigana, nao ni vijana wanaomfuata Mauti apigaye ngoma. Mbao ilimfaa kwa sababu inakulazimisha uchague kati ya weusi na weupe. Huwezi kujificha kwenye kijivu.

Basi kabla ya kuchora, amua kazi yako ni ushahidi au ni tangazo. Mchoraji Mhispania Goya alichonga mabamba ya shaba kuhusu vita vya Hispania na majeshi ya Napoleon, yenye ukatili wote aliotaka kuuonyesha. Alifariki 1828, na seti ya chapa 80 ilitolewa kwa umma 1863. Ule ni ushahidi, unaweza kusubiri. Bango la mtaani halisubiri, kwa hiyo picha moja na maneno yasiyozidi matano yanatosha. Kollwitz mwenyewe, alipotakiwa kutengeneza bango la mkutano wa vijana Leipzig mwaka 1924, alirudi kwenye chapa ya jiwe, akaweka kijana mmoja aliyeinua mkono na maneno yenye maana ya "Isiwe vita tena".

Kwa anayeanza, lino (linoleamu, zulia gumu la sakafu) ni rahisi kuliko mbao kwa kuwa halina nyuzi za kukuvuta patasi. Chukua la unene wa milimita 3 hivi, ukubwa wa A3. Likiwa gumu, liweke juani dakika chache. Likimeguka hata baada ya joto, limezeeka, tafuta jingine. Chora kwenye karatasi nyepesi inayopenyeza mwanga, igeuze, ndipo unakili kwenye lino. Kila kitu hutoka kinyume: herufi, na pia mkono, wa kulia huwa wa kushoto. Herufi zenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka vizuri kwa umbali wa mita 3. Ukitaka zisomwe kutoka mita 9, zifanye sentimita 7.5. Chonga kwa patasi yenye ncha ya umbo la V kwenye kingo, kisha safisha uwanja kwa ya U. Mkono usiochonga ukae nyuma ya ncha daima. Hapa ndipo damu nyingi za wachapaji humwagika.

Wino tandaza mwembamba kwenye kioo kwa rola, ndiyo itakayoupeleka kwenye lino. Rola ikilia kama kitunguu kinachokaanga polepole, kiasi ni sawa. Ikilia kwa sauti ya matope, umezidisha, na mistari myembamba itazibwa. Nakala mbili tatu za kwanza huwa hafifu kwa sababu lino bado linakunywa wino, usizihesabu. Bila mashine, laza karatasi juu ya lino, usugue mgongo wake kwa kijiko cha mbao kuanzia katikati kwenda nje, ukifunua pembe moja kuangalia bila kusogeza karatasi. Vidoa vyeupe vikitokea mahali palepale kwenye kila nakala, ni vumbi. Vikihamahama, wino ni mchache.

Ukitaka mamia ya nakala, hamia kwenye skrini: kitambaa cha nyuzi kilichowambwa kwenye fremu, ambacho wino hupenyezwa hadi kwenye karatasi. Kosa tunaloliona zaidi ni kutumia skrini ya fulana, yenye nyuzi 43 kwa sentimita, kwenye karatasi: inamwaga wino mwingi, karatasi inajikunja. Tafuta ya nyuzi 90 au zaidi. Iinue milimita 3 juu ya karatasi ili ijiachie yenyewe baada ya kuvuta mpira wa kusukumia wino. Wino wa maji hukauka ndani ya nyuzi upesi kwenye joto letu, kwa hiyo baada ya kila nakala rudisha wino ufunike picha, na usiende kunywa chai katikati ya kazi.

Karatasi isikuzuie. Mei 1970, baada ya Marekani kuingiza majeshi Kambodia na wanafunzi wanne kuuawa Chuo Kikuu cha Kent State, wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, California, walichapa mabango kwa skrini juu ya karatasi za kompyuta zilizokwisha kutumika, zenye vitundu pembeni. Kwa kubandika ukutani, karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ni bora kuliko karatasi nzito: nene hainyonyi gundi, nayo hubanduka kwenye pembe. Gundi ni kikombe 1 cha unga wa ngano uliokorogwa na kikombe 1 cha maji baridi hadi mabuja yaishe, kisha vikombe 4 vya maji yanayochemka huku ukikoroga. Paka ukutani, bandika, paka tena juu.

Jambo la mwisho si la ufundi. Thami Mnyele wa kikundi cha wasanii cha Medu, kilichochapa mabango ya kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini kutoka Gaborone, Botswana, aliuawa na makomando wa Afrika Kusini tarehe 14 Juni 1985. Mahali palipo na hatari, bango lisibebe jina wala namba ya simu, na orodha ya waliosaidia isiandikwe popote. Weka nakala mbili mbali na karakana, zikiwa zimelazwa gizani, na tarehe kwa penseli nyuma.