Kulalamika Tashkent si sawa na kulalamika London

Msomaji anayehamia Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, kikazi ameuliza: malalamiko aliyozoea kuyatoa kwa Kiingereza, akiyageuza neno kwa neno kuwa Kiuzbeki, yatapokelewa? Hayatapokelewa. Atasikika kama mtu anayefoka.

Chukua bomba linalovuja kwenye nyumba ya kupanga. Usimpigie mwenye nyumba ukaanza na bomba. Salimia, ulizia afya, kazi na watu wa nyumbani, na upokee majibu yake bila haraka. Akiwa amekuzidi umri mwite aka (kaka), mwanamke mwite opa (dada), na umsemeshe kwa siz, yaani “wewe” ya heshima. Ile sen, “wewe” ya kawaida, ni ya rafiki na watoto; ukimlalamikia nayo mkubwa, umemvunjia heshima. Kisha sema: “Uzr, aka, bir iltimosim bor edi”, yaani samahani kaka, nilikuwa na ombi. Ombi ni la sasa hivi, lakini linasemwa kwa wakati uliopita lisimbane mtu, kama nasi tusemavyo “nilikuwa na shida kidogo”. Hapo ndipo utaje bomba, na umalizie kwa kuuliza: “Bir ko‘rib bera olasizmi?” Unaweza kunitazamia? Kosa limebaki kwenye bomba, mwenye nyumba hajaguswa.

Ugomvi na jirani upeleke kwanza kwa wakubwa wa mahalla, yaani jumuiya ya mtaa, kabla ya polisi. Serikalini ni karatasi: andika shikoyat (lalamiko) yenye jina kamili na anwani, maana isiyo na jina haishughulikiwi. Sheria ya Uzbekistan ya 2017 inaipa ofisi siku 15 kujibu, au hadi mwezi mmoja ikibidi kuchunguza zaidi.

Kwa Mwingereza adabu imo kwenye kitenzi. Husema anasikitika, kwamba birika “linaonekana” kuwa na hitilafu. Hasemi “mmeniuzia kibovu”. Ila dai lenyewe halicheleweshi, na hapa ndipo wengi wetu tunapokwama: aya nzima ya salamu, na msomaji wa barua pepe hajui bado unataka nini. Andika ulichonunua, tarehe na namba ya oda, kasoro, unachodai, na siku ya mwisho ya kujibiwa, tuseme siku 14. Basi. Na wahi: kwa Sheria ya Haki za Walaji ya Uingereza ya 2015, bidhaa mbovu unaweza kuirudisha na kudai pesa zako zote ndani ya siku 30. Zikipita, muuzaji ana haki ya kujaribu kwanza kuitengeneza au kukubadilishia, mara moja.