Nani atanunua sili ya pampu mwaka wa tatu?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Unachaguaje shirika la hisani la kulichangia, na kwa nini hilo?" Chini yake mkaweka ushauri wa mstari mmoja: tazama kwanza ni asilimia ngapi ya fedha inayowafikia walengwa. Mstari huo ndio ulionichokoza. Swali lenyewe nitalijibu kwa kulipinda kidogo, maana naona jambo la kujua si shirika lipi, bali kitu gani kitakuwa bado kinafanya kazi shirika likishaondoka, na nani atakilipia.

Nianze na hiyo asilimia. Hesabu za shirika hugawa matumizi katika mafungu matatu: miradi, utawala, na kutafuta michango. Anayeamua mshahara wa fulani uingie fungu gani ni mhasibu, na kanuni zinampa nafasi kubwa. Fundi anayerudi baada ya miezi sita kukagua kama pampu bado inatoa maji, shirika moja litamwandika kwenye mradi, jingine kwenye utawala. Lisilomwajiri kabisa ndilo litakaloonekana safi kuliko yote. Halafu kuna misaada ya vitu. Mwaka 2011 jarida la Forbes liliandika kuhusu dawa ya minyoo, mebendazole, ambayo kidonge chake kiliweza kununuliwa kwa senti 2 za dola, huku baadhi ya mashirika yakikiandika vitabuni kwa zaidi ya dola 10. Kontena moja la vidonge hivyo linakuza fungu la miradi kwa mamilioni, na utawala ukilinganishwa nalo unakuwa kiduchu. Hakuna aliyeiba. Asilimia imependeza tu. Mwaka 2013 GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, taasisi zinazokagua mashirika ya hisani, yaani walewale waliozoeza watoaji wa Marekani kutazama namba hiyo, waliandika barua ya wazi kuwasihi waache kuitumia kama kipimo kikuu. Bado tunaitumia.

Mfano usionitoka kichwani ni ule wa PlayPump. Picha zake wengi mtakuwa mnazikumbuka: watoto wanazungusha bembea ya duara, wanacheka, na maji yanapanda tangini. Wazo lilikuwa la mchimba visima wa Afrika Kusini, Ronnie Stuiver. Trevor Field, mtu wa matangazo ya biashara, akalichukua na kuliendeleza. Chini ya bembea kuna mtambo unaogeuza mzunguko kuwa mwendo wa kupanda na kushuka wa fimbo za pampu kisimani. Maji yanasukumwa hadi tangi la lita 2,500 juu ya mnara wa mita 7 hivi, kisha yanashuka kwa bomba hadi kwenye koki. Tangi lina mabango pande nne, mawili ya matangazo ya biashara na mawili ya ujumbe wa afya. Malipo ya matangazo ndiyo yaliyotarajiwa kugharimia matengenezo.

Mwaka 2000 mradi ukapata tuzo ya Benki ya Dunia. Septemba 2006, kwenye mkutano wa Clinton Global Initiative jijini New York, Laura Bush, mke wa rais wa Marekani wa wakati huo, akatangaza ahadi ya dola milioni 16.4. Lengo lilikuwa pampu 4,000 katika nchi 10 za Afrika ifikapo 2010, kwa watu milioni 10.

Sasa shika kalamu. Milioni 10 gawa kwa 4,000 ni watu 2,500 kwa kila pampu. Kiwango cha chini kinachotumiwa katika misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo tunahitaji lita 37,500. Waliokuwa wakiinadi walisema inatoa lita 1,400 kwa saa, ikizungushwa mara 16 kwa dakika, kutoka kina cha mita 40. Gawanya: karibu saa 27. Siku ina saa 24. Gazeti la Guardian la Uingereza lilichapisha hesabu hii mwaka 2009, miaka mitatu baada ya ahadi, na ni hesabu anayoiweza mwanafunzi wa shule ya msingi.

Tena hizo ni saa za kuzungusha bila kupumzika. Bembea ya kawaida ukiisukuma inaendelea yenyewe, ndiyo raha yake. Hii imefungwa mzigo. Kila mzunguko unainua maji, hivyo mtoto akiacha kusukuma nayo inasimama muda si mrefu. Kuinua lita 37,500 kwa mita 47, yaani 40 za kisima na 7 za mnara, kunadai nishati ya jouli milioni 17 na ushee. Mtu mzima mwenye afya, kwa kazi ya mfululizo, hutoa wati 75 hivi. Hata kama mtambo usingepoteza nguvu hata chembe, hizo ni saa 64 za jasho la mtu mmoja kila siku ya Mungu. Watoto wakiwa darasani, au wakishachoka mchezo, wanaobaki kuzungusha ni kina mama na bibi zao, wameinama, kwa sababu vyuma viko kwenye kimo cha mtoto. Tathmini za 2007 na 2008, mojawapo ya UNICEF, zilieleza hayo, pamoja na aibu ya mtu mzima kuonekana hadharani akizungusha bembea. Kila PlayPump iligharimu dola 14,000 hivi, kama mara nne ya pampu ya mkono. Na kuna mahali ambapo pampu ya mkono iliyokuwa ikifanya kazi iling'olewa kisimani ili bembea ipate nafasi.

Linganisha na Afridev, pampu ya mkono iliyobuniwa miaka ya 1980 kwa nia hasa kwamba watumiaji wenyewe waimudu. Pistoni na valvu ya chini hutolewa kwa kupitia ndani ya bomba, bila kung'oa bomba lenyewe. Fimbo zinaachanishwa kwa mkono na kazi iliyobaki ni ya spana moja. Kinacholika ni sili ya pistoni, yaani kipande cha mpira kinachozuia maji yasirudi chini, oringi (pete ya mpira) ya valvu ya chini na bushi za mhimili wa mkono. Sili na bushi hubadilishwa kila mwaka, hata kama pampu haijagoma, na hapa ndipo mambo huharibika. Sili ikilika, maji hurudi chini kando ya pistoni, watu wanalazimika kupiga mikono mingi zaidi kwa ndoo ileile, bushi zinalika upande mmoja, fimbo inakaa mshazari na kuanza kusugua bomba la plastiki hadi linatoboka. Kazi iliyokuwa ya muda mfupi na kipande cha mpira imekuwa ya kung'oa mita 40 za bomba. Makadirio ya mwaka 2009 ya mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, yalionyesha kwamba zaidi kidogo ya theluthi ya pampu za mkono kusini mwa Sahara zilikuwa hazifanyi kazi. Kwa hiyo sisemi Afridev ni dawa. Nasema ugonjwa wake una jina na kipuri chake kinaweza kuuzwa dukani.

PlayPump ikiharibika, watumiaji hawakuwa na spana wala duka. Ilibidi kupiga simu na kungoja mafundi waje kutoka mbali, na kungoja kwenyewe kukawa kwa miezi. Matangazo nayo hayakuja kama yalivyotarajiwa, maana mwenye biashara hununua bango mahali penye wanunuzi. Ikawa fungu la matengenezo halina pa kutokea.

Waliotuachia methali ya "kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" walikuwa wanamsema mtoaji. Sili hailijui hilo.

Mtu akitaka hatua za kufuata, anaweza kuanza na haya. Andika mwenyewe anwani ya shirika, usifuate kiungo ulichotumiwa. Tafuta jina kamili na namba yake kwenye daftari la msajili wa nchi lilikosajiliwa, maana tofauti ya neno moja tu katika jina ni hila ya kale ya matapeli. Fungua taarifa ya fedha iliyokaguliwa ya mwaka wa karibuni, ruka picha na salamu za mwenyekiti, nenda kwenye maelezo ya mwisho, kwa herufi ndogo. Hapo kuna mambo manne: fedha kiasi gani zimefungwa masharti na kiasi gani ziko huru, misaada ya vitu imethaminiwa kwa bei ya nani, kuna biashara gani kati ya shirika na wakurugenzi wake au jamaa zao, na akiba iliyopo ingelitosha kwa miezi mingapi michango ikikatika leo. Akiba ya mwezi mmoja ni hatari, watumishi wataachishwa kazi katikati ya mradi. Akiba ya miaka mitano, nayo, inakuambia kwamba mchango wako hauna haraka huko. Baada ya hapo tafuta sentensi inayosema mradi ukikabidhiwa unalipiwa na nani. Ukikuta "jamii itauendeleza" bila kiasi, bila jina la kipuri, bila umbali wa duka, jua hakuna aliyepiga hesabu.

Hapa nimejikwaa kwa hoja yangu mwenyewe. PlayPump ilikuwa na jibu la swali hilo. Iliandikwa wazi: matangazo yatalipa. Ilikuwa na tuzo, wafadhili wazito na mpango wa matengenezo kwenye karatasi. Msomaji makini wa mwaka 2006, akifuata hatua zangu moja baada ya nyingine, pengine angeridhika na kuchangia. Kwa hiyo swali la nani atalipa halitoshi. Lazima lifuatiwe na lingine: mmeshaona matengenezo yakilipiwa hivyo, wapi, kwa miaka mingapi?

Ndiyo maana siku hizi nayapa alama nyingi zaidi mashirika yanayokiri hadharani kilichoshindikana. Mwaka 2010 Jean Case, ambaye mfuko wake wa Case Foundation ulikuwa mmoja wa wafadhili wakubwa wa bembea hizo, aliandika wazi kwamba lengo halikufikiwa. Shirika la Evidence Action nalo lilikuwa na mradi Bangladesh wa kuwakopesha watu wa vijijini nauli ya kwenda kutafuta kibarua msimu wa njaa. Majaribio ya awali yalipendeza, jaribio kubwa la 2017 halikuonyesha matokeo yaliyotarajiwa, na mwaka 2019 wakaufunga. Kufunga mradi unaopendwa na wafadhili ni kazi ngumu kuliko kuufungua.

Kuna pia mashirika yanayochosha, na uchovu huo ni sifa. Against Malaria Foundation wananunua vyandarua vyenye dawa, basi. Hesabu ya kampeni za vyandarua inajulikana: gawa idadi ya watu kwa 1.8 upate idadi ya vyandarua, kisha rudia baada ya miaka mitatu hivi kwa sababu vinachanika na dawa inapungua. Chandarua hakijifanyi cha milele. Kinakuja na tarehe yake ya kufa, na bajeti ya kampeni inayofuata inaweza kupangwa tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo hukumu yangu, na naitoa nikijua inapingana na nilivyoanza: ukiwa mtoaji mdogo, usiulize. Soma kilicho wazi kwa kila mtu, chagua shirika moja au mawili, toa kila mwezi, bila masharti, na uwaache wafanye kazi. Barua yenye maswali kumi, yangu yote haya yakiwemo, itamkalisha afisa nusu siku, na nusu siku yake inaweza kuwa ghali kuliko mchango wako wa mwaka mzima. Maswali ni ya mwenye fungu kubwa, na huyo asipouliza ana lawama. Ikiwa kilicho wazi hakikutoshi kuamua, hilo nalo ni jibu. Nenda kwa shirika jingine bila kugombana. Na kama ni lazima kabisa utumie namba moja, basi mbele ya mashirika mawili yanayofanana mimi ningependelea lile lenye utawala mkubwa kidogo, ilimradi limeeleza kwamba tofauti hiyo ni mishahara ya mafundi wanaorudi kukagua miradi. Likiwa halikueleza, sijui la kuwashauri.

Siku za maafa hali ni nyingine. Usipeleke nguo wala chakula usichoombwa, maana vitu hivyo vinaziba bandari na maghala yanayohitajiwa na dawa. Toa fedha, na ukiweza usizifunge kwa tukio hilo moja. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walitangaza ndani ya majuma machache ya mwanzo kwamba kwa kazi hiyo walikuwa wameshapata za kutosha, wakawaandikia waliokwisha kutoa kuwaomba ruhusa ya kuzihamishia kwenye dharura nyingine. Karibu wote walikubali. Barua ya namna hiyo ikikufikia, jibu ndiyo, na ujibu siku hiyohiyo. Usipojibu, fedha zinakaa benki.

Msomaji wenu