Usifungue Gedit kwa Sudo, Ndugu Yangu

Juzi usiku kijana mmoja wa Mbale aliniandikia: "Kaka, nimegusa faili ya sudoers, sasa kila nikiita sudo inakataa. Nifanyeje?" Kwa asiyejua: kwenye Linux, sudo ni amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, na sudoers ni faili inayosema nani anaruhusiwa kuitumia. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mimi nilishapita hapo, tena mbele ya watu.

Nilikuwa naangalia kompyuta za duka moja la kuchapa hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Madereva wa malori wanaleta karatasi zao, unachapa, unaprinti, wanakimbilia mpakani. Bosi akanunua diski ya pili, akataka iwe inajifungua yenyewe kila asubuhi. Nami, nikijiona bingwa, nikapiga sudo gedit /etc/fstab (gedit ni programu ya kuhariri maandishi, fstab ni orodha ya diski za kufunguliwa mashine inapowaka), nikaongeza mstari mmoja, nikasevu, nikaenda zangu kulala. Ile UUID, namba ndefu ya kuitambulisha diski, sikuikopi, niliiandika kwa kutazama. Herufi moja ikaruka.

Kulipokucha mashine ikakaa dakika moja na nusu ikiitafuta diski isiyokuwepo, kisha ikanitupa kwenye hali ya dharura: maandishi meupe kwenye weusi, basi. Nyuma yangu foleni. Bosi akasema kila mtu asikie, "Huyu ndiye fundi wetu." Niliweka # mwanzoni mwa ule mstari ili usisomwe, mashine ikafufuka kabla ya chai ya saa nne, lakini neno lile bado linanichoma.

Sasa sikilizeni. Nakala kwanza: sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.bak. Halafu sudoedit /etc/fstab. Hiyo inakupa nakala ya muda, unaihariri kama wewe mwenyewe, ukifunga ndipo inarudishwa mahali pake kwa mamlaka ya root. Ukiita sudo gedit umeipa root programu nzima, na pengine inaacha kwenye folda zako faili ambazo kesho huwezi kuzigusa. Kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha, huenda isifunguke kabisa. Unapenda dirisha na mausi? Andika gedit admin:///etc/fstab, itakuomba paswadi.

Kabla ya kuzima, sudo findmnt --verify, ikukagulie makosa ya fstab. Diski ya ziada iwekee neno nofail kwenye mstari wake, ili ikikosekana mashine iwake tu. Na nakala, narudia, nakala! Vijana wetu mnataka kuitwa mafundi, lakini sekunde tano za cp mnaziona mzigo. Unajifunza kwenye mashine ya mtu, chakula cha watoto wake kimo humo, halafu unakimbia kimbia. Heshima ya ufundi haiji hivyo.

Sudoers ndiyo msiiguse kwa chochote isipokuwa amri ya visudo, maana hiyo inakagua sarufi ya faili kabla ya kuipokea. Yule wa Mbale nilimwambia ajaribu pkexec visudo, kwa kuwa pkexec ni njia nyingine ya kupata mamlaka ya root, haipitii sudo. Dakika kumi baadaye: "Imekubali kaka, Mungu akubariki."

Nikamuuliza kama safari hii ameweka nakala. Mpaka leo hajajibu.