Makao ya wazee kwenye mlima wa mawe: anza na usiku

Umeuliza ununue vifaa gani kabla wakaguzi hawajafika kwenye nyumba uliyopanga Kitangiri, Mwanza, vyumba sita, wazee kumi na wawili. Usinunue kitu kwanza. Ingia humo saa nane usiku, zima umeme, ujiulize: mlezi mmoja wa zamu atawatoaje watu kumi na wawili, na wanne kati yao hawatembei? Nyumba isiyo na jibu la swali hilo haiokolewi na mitungi mipya ya kuzimia moto ukutani.

Tatizo kubwa kwenye nyumba zetu ni nondo. Madirisha yote yamechomelewa, mlango wa grili unafungwa kwa kofuli, na ufunguo uko kwa mtu aliyelala chumba kingine. Ita fundi wa kuchomelea. Kila chumba cha kulala, dirisha moja nondo zake zikatwe, ziwekwe kwenye fremu yenye bawaba, na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Mlango wa nje pia ufunguke kwa ndani kwa mkono mtupu. Najua utasema kuna mzee aliyepoteza kumbukumbu, hutoka usiku akapotea. Huyo halindwi kwa kofuli la mlangoni. Mwekee kengele inayolia mlango ukifunguliwa, na uzio wenye geti, ili akitoka aishie uani. Ufunguo wa geti ukae shingoni mwa mlezi wa zamu, usiku kucha.

Wasiotembea walale chumba kilicho karibu zaidi na mlango wa nje, pasipo ngazi. Chini ya kila mmoja tandika blanketi imara: mlezi akunje pembe za upande wa kichwa, amshushe taratibu, amburute kichwa kikitangulia. Kumbeba mtu mzima peke yako kwenye moshi ni kuanguka wote wawili. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu, na moshi huo huua kabla ya ndimi za moto kufika. Ndiyo maana mpangilio ni huu: mtoe aliye kwenye chumba kinachowaka, funga mlango wa chumba hicho, kisha watoe wa vyumba vya jirani. Mlango uliofungwa hukupa dakika za thamani. Watu wengi huukimbia ukiwa wazi, na korido yote inajaa moshi.

Namba ya Zimamoto ni 114. Lakini barabara za milimani, iwe Kitangiri, Isamilo au Mabatini, ni nyembamba na zina kona kali. Mtu mmoja ashuke hadi barabara kubwa kulipokea gari na kulielekeza.

Sasa mitungi. Wa poda kavu kilo 6 ukae mlangoni mwa jiko, usiwe juu ya jiko lenyewe, maana moto ukianza hutaufikia. Wa hewa ya kaboni (CO2) ukae karibu na swichi kuu. Wa poda unatazamwa geji, mshale uwe kwenye kijani. Wa kaboni hauna geji, hupimwa kwa uzito, na hapo ndipo wengi hukaa na mtungi mtupu miaka mingi. Mafuta ya kukaangia yakiwaka, zima gesi na funika sufuria. Kamwe usimwage maji.

Mtungi wa gesi ukae nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutiririka kuelekea chini, kwa hiyo kwenye kiwanja cha mteremko usiuweke upande wa juu wa mlango au mtaro. Paka povu la sabuni kwenye maungio. Likivimba, gesi inavuja. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku wa mvua, hata kama wazee wanalalamika baridi. Hewa yake yenye sumu haina harufu. Jenereta vivyo hivyo, isikae barazani. Umeme ukikatika tumia taa za kuchaji. Mshumaa na chandarua visikutane.

Kuanguka hutokea mara nyingi kuliko moto. Rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, iwe na urefu wa sentimita 120 kwa kila sentimita 10 za kimo. Bomba la kushikia liwe usawa wa sentimita 85 hadi 95, kutoka kitandani mpaka chooni bila kukatika. Sakafu ya bafu iwe ya saruji yenye mikwaruzo, maana vigae vyenye sabuni ni hatari. Maji ya kuoga: baridi kwanza, moto baadaye, pima kwa kiwiko. Maji ya nyuzijoto 60 huunguza ndani ya sekunde chache, na mwenye kisukari huenda asihisi.

Maji ya bomba yakikatika ukaletewa madumu kutoka ziwani, yaache kwenye tangi lililofunikwa, lisilo na konokono, kwa saa 48; vijidudu vya kichocho hufa. Bado yatibu kwa klorini na usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Panapomwagika matapishi au kinyesi, chukua jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sita za maji. Kwa sakafu ya kawaida, sehemu moja kwa 69. Tengeneza upya kila siku, usichanganye na dawa nyingine za choo. Shimo la choo kwenye mwamba huwa fupi, basi linyonywe kabla ya mvua za Machi na za Oktoba.

Zoezi la kutoka lifanyike usiku, na idadi ileile ya walezi wa zamu. Mara ya kwanza wafanyakazi walale vitandani badala ya wazee. Pima kwa saa, andika muda kwenye daftari, na taja kila mlango uliokwama.