Jina la Kifunikoni Halikuambii Chipu ya Ndani

Nilinunua kompyuta mpakato iliyotumika kwa kufuata jina la kifunikoni, kwa kuwa rafiki yangu alikuwa na toleo lile lile na mfumo endeshi wa Linux haukumsumbua hata siku moja. Nilipomaliza kusakinisha Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, orodha ya mitandao ya Wi-Fi ilikuwa tupu, ilhali simu yangu, pale pale mezani, ilikuwa imeshika mtandao wa nyumbani.

Amri ya lspci -nn, inayoorodhesha kadi za ndani pamoja na namba zinazowatambulisha watengenezaji wake, ndiyo iliyonifumbua macho. Wauzaji wengi wa kompyuta hununua chipu za Wi-Fi kwa watengenezaji wengine, na toleo moja laweza kutoka kiwandani likiwa na kadi tofauti. Namba ya kadi ya rafiki yangu ilianza na 8086, yaani Intel. Yangu ilikuwa ya mtengenezaji ambaye draiva yake, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, hutolewa bila msimbo wake, hivyo watunzaji wa kerneli, kiini cha Linux, hawawezi kuirekebisha. Niliipakua kwa kuazima intaneti ya simu kupitia waya wa USB, ikafanya kazi miezi kadhaa, kisha kerneli ikasasishwa na Wi-Fi ikatoweka. Tangu hapo sifuti kerneli ya zamani kabla ya kuijaribu mpya.

Watu huchanganya draiva na famuwea, ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe. Draiva ya Intel, iwlwifi, ni huria, ingawa famuwea yake imefungwa. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, famuwea za namna hiyo zimo ndani ya kisakinishi rasmi, na kwa maoni yangu uamuzi huo umewaokoa wengi. Lakini haumsaidii mwenye draiva iliyofungwa.

Kwa hiyo nenda dukani na flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, uandike lspci -k, usome draiva inayotumika, kisha ujaribu kuunganisha Wi-Fi palepale. Muuzaji akikataa, tafuta duka lingine.

Mimi niliishia kubadilisha kadi: skrubu moja na nyaya mbili nyembamba za antena, ambazo huchomolewa taratibu kwa ukucha. Niliweka kadi kuukuu ya Atheros inayotumia ath9k, draiva isiyohitaji famuwea yoyote. Hata hivyo, kabla ya kununua kadi, chunguza BIOS ya kompyuta yako, ile programu inayoiwasha, kwani baadhi hukataa kuwaka zikikuta kadi isiyo kwenye orodha yao.